Herufi Moja ya Kabanga

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka kijiko kinarudi sahanini. Ilikuwa mchana, jua limesimama juu ya stesheni ya Lubumbashi, na watu wamejaa pale tangu majuma kadhaa. Walilala juu ya mizigo yao, kati ya masufuria na magodoro yaliyofungwa kamba, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, kwa kuwa mji ulikuwa umewaambia hapa si kwenu. Wengi wao Kasai hawakuwahi kuiona hata kwa picha. Katikati yao nilimkuta Yaya Kabanga, yaani dada mkubwa Kabanga, mwimbaji wetu, amekaa juu ya sanduku la bati, kitambaa kichwani, miguu vumbi tupu. Nilimpelekea mfuko wa bunga, ndivyo sisi tunavyouita unga. Nisikufiche, nilikwenda na furaha. Nilikuwa na habari ya kumtuliza juu ya nyimbo zake.

"Yaya," nikamwambia, "usihangaike juu ya bobini yako. Yote iko salama. Hakuna mwenye ataichoma."

"Uliificha wapi?"

"Sikuificha. Nalibadirisha letre moja tu kwa jina. Pa Kabanga, naliandika Kabange."

Mama mmoja kando yetu aliacha kumsuka binti yake, akatega sikio.

"Nani alikufundisha kuandika, Fosta?"

"Ni we, Yaya."

"Basi kosa ni yangu. Nalikufundisha kuandika, sikukufundisha kuuliza."

Kisha akauinua ule mfuko wa bunga kutoka miguuni pake, akanirudishia mikononi, polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Iyi bunga, mupelekee Kabange," akasema. Akageukia upande wa reli. Sikumwona tena.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa kwa kalamu, mwanangu, na kalamu haipakwi dawa. Tulia nikueleze tangu mwanzo, maana kosa hili lina watu, na nitawataja kwa majina yao. Nimechoka na hadithi za Lubumbashi ambamo mabaya yote yalifanywa na "wakati" na "vurugu". Wakati hauna mikono.

Mzee Ramazani alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo, mtu wa zile familia za Kiislamu zilizotoka Maniema zamani. Alichoka kushona suti za watu wanaokwenda kucheza muziki wa Kinshasa. Akasema, na sisi tuna miguu. Nyuma ya duka lake alikuwa na chumba, akakifunika kuta kwa magunia na mablanketi ya kale, akatafuta mashini ya kurekodi, na juu ya mlango akatundika taa nyekundu. Ikiwaka, mafundi wote wa ua ule waliinua miguu kwenye cherehani zao, wakasubiri wimbo uishe. Ndiyo maana diski zake ziliitwa Taa Nyekundu. Padri wa parokia alikuja kulalamika kwamba jina hilo ni la nyumba za aibu. Mzee Ramazani akamjibu kwa upole, "Padri, hata kwenu taa mwekundu inawaka pale mbele, kwa altare, usiku na muchana. Na siye hatukuuliza kitu." Padri alicheka mpaka akanunua diski.

Muziki wetu ulikuwa disko, na disko halikupendwa na wapiga gitaa wakubwa. Mmoja wao alisikiliza ngoma ile inayopiga sawasawa, tu tu tu tu, akasema, "Iyi haiko muziki. Ni mashini ya kusaga bunga." Mzee Ramazani akasema, "Vizuri. Bantu banakula bunga." Na kweli walikula. Juu ya ngoma ile ya kusaga alikaa Yaya Kabanga na sauti yake, nyembamba mwanzoni, halafu inafunguka kama mlango wa nyumba yenye watu wengi ndani.

Mimi nilikuwa mbandika posheti, yaani yale makaratasi ya kuvalisha diski. Shule niliiacha mwaka wa tatu. Yaya Kabanga aliona ninavyoshika karatasi kichwa chini, hakunicheka. Alinikalisha juu ya kreti ya bia, akageuza posheti moja, akaandika jina lake kwa herufi kubwa. "Angalia," akasema, "A inarudia mara tatu. Ni ngazi ya mupaka rangi. Ukijua kuchora ngazi, umejua nusu ya jina yangu." Jina lake ndilo neno la kwanza nililoandika duniani. Langu nililiandika baadaye.

Sasa sikiliza jambo la ufundi, maana ndipo mambo yote yalipoharibikia. Bobini ni ule mkanda wa sauti uliozungushwa kwenye gurudumu lake. Ulipojaa ulivuka Kasumbalesa kwenda Zambia, huko wakaugeuza kuwa diski, makartoni yakarudi. Juu ya diski Mzee Ramazani hakuandika jina la mwimbaji yeyote. Aliandika Orkestre Taa Nyekundu, basi. Aliogopa orkestre kubwa zisimwibie watu wake, kwa sababu mwimbaji akijulikana jina siku ya pili yuko kwa mwingine. Marehemu Mzee Ramazani, nakuheshimu, lakini na wewe una sehemu yako humu. Jina la mtu si uzi wa kuficha ndani ya mshono.

Kwa hiyo jina la mwenye wimbo lilikuwa mahali pamoja tu, juu ya sanduku la karatasi la bobini. Na mwandishi alikuwa mimi. Wakati ule serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu, kila mtu aliandikwa kwa jina la mababu peke yake. Ndiyo maana juu ya sanduku hukukuta Rejina, jina lake la ubatizo. Ulikuta hivi: KABANGA, MANENO NA SAUTI.

Kabanga ni jina la pacha anayefuata mgongoni mwa mwenzake, kwa Waluba wa Kasai. Kwa Waluba wa Katanga pacha huyo huyo anaitwa Kabange. Mila moja, tumbo moja, herufi moja tofauti. Na mtu wetu wa mashini, aliyekaa nyuma ya kioo na kugeuza vile vifungo, aliitwa nani? Dolfe Kabange. Pacha wa Katanga.

Walitaniana kila siku.

"Jambo, majina yangu," Dolfe alimwambia, maana kwetu anayeshiriki jina lako unamwita hivyo.

"Majina ya wapi? We uko na E. Ile E uliiokota wapi, kwa Wazungu?"

"Ni E ya kuegemea, nikichoka."

"Egemea huko, usiniangukie."

Tulicheka. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba tunacheza na kisu.

Kisha nchi ikaanza kulegea. Mishahara ya migodi ikawa hadithi. Wanajeshi wakapora maduka ya mji, tukaita pilaje, na wanajeshi walipochoka tuliendelea sisi wenyewe. Ndiyo, mwanangu, sisi majirani. Cherehani za Mzee Ramazani zilibebwa na watu aliowashonea nguo za harusi. Mashini ya kurekodi ilikwenda, magunia ya ukutani yakaenda, mpaka ile taa. Bobini ziliachwa chini kwa kuwa hakuna aliyejua kuzila. Nyingine watu walizivuta wakazitandaza juu ya mashamba ya mahindi, upepo ukizipiga zinalia, ndege wanakimbia. Msimu ule ndege wa Lubumbashi walifukuzwa na disko. Mzee Ramazani alikwenda kwa ndugu zake Maniema na nguo ya mwilini tu. Masanduku thelathini na moja niliyaokota mimi, nikayapanga chini ya kitanda cha mama yangu.

Mabaya yakafuatana. Yakaja maneno ya majina. Vijana walitembea barabara kwa barabara wakiuliza watu wanaitwaje, na jina la Kasai lilitosha kumtoa mtu ndani ya nyumba aliyoijenga. Yaya Kabanga alikuja kwetu na sanduku lake la bati. Dolfe alikuwepo, akamwambia mbele ya mama yangu:

"Majina, ile A ya mwisho uikate. Weka E, ubakie hapa. Nani atajua?"

Yaya hakukasirika. Alikunywa maji yake yote kwanza. "Mama yangu alizala Kabanga," akasema. "Nyumba mulikamata. Muniachie hata mukia wa jina."

Akaenda stesheni. Na hapo neno lingepaswa kwisha, kwa sababu mwenye jina alikuwa amesema. Lakini siku mbili baadaye Dolfe alirudi kwangu asubuhi.

"Fosta, bale bana kesho banafika kwa avenue yetu. Bakikuta Kabanga, Kabanga, Kabanga chini ya kitanda ya mama yako, batachoma bobini na kitanda."

"Yaya alikatala kubadirisha."

"Yaya iko na mudomo, anaweza kukatala. Bobini haina mudomo."

Nilimwogopea mama, nikaziogopea nyimbo. Nikachukua wembe. Nilikwangua ile ngazi ya mwisho, moja baada ya moja, mahali pake nikachora E. Masanduku thelathini na moja. Nilipiga mluzi nikikwangua, na hilo ndilo linaloniuma. Nilijiona mjanja, kijana aliyeacha shule mwaka wa tatu leo anaokoa muziki wa mji mzima kwa herufi moja. Niliporudi kutoka stesheni na mfuko wangu wa bunga, Dolfe akasema bado ni hatari, tuyapeleke mbali. Akayapakia kwenye lori lililokuwa likienda Pweto, kwa mjomba wake muuza samaki wakavu. Hata baada ya maneno ya Yaya sikuona ubaya. Sikujiuliza kwa nini, kati ya majina yote ya Katanga, tumechagua lake.

Mzee Ramazani alirudi baada ya miaka, amepungua, anashona vifungo tu kibarazani. Nilimweleza yote nikitegemea shukrani. Aliweka sindano chini.

"Fosta, umekata kanzu ya mwenyewe ukiwa unamwona, ukamushonea jirani."

"Ilikuwa kuiokoa, Mzee."

"Aliyekuomba ni nani? Ukiokota mutoto ya mutu kwa moto, unamurudisha kwa mama yake. Haumupe jina ya baba mwingine. Enda Pweto. Andika tena A, mbele ya wino kuzoea."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilisema nitakwenda kiangazi. Kiangazi kikapita, barabara ikawa mbaya, vita ikaja, nikaoa, nikasahau kwa makusudi. Mzee Ramazani akafa. Dolfe akawa mtu wa magari, akawa na nyumba kule Golf, mtaa wa matajiri, na siku moja akanikuta nakaa bure, akanipa kazi ya usantinele, kulinda maegesho ya malori njia ya Kinsevere. Nilimwita patro, yaani bwana wangu. Nilikula mkononi mwake miaka minne. Jua hilo kabla ya kusikia linalofuata.

Akaja Mzungu mmoja mpenda diski za kale. Alikuwa ameokota diski yetu sijui soko gani la kwao, akatafuta mpaka akamfikia Dolfe, na Dolfe akayatoa masanduku Pweto. Yalinuka samaki mpaka tukafungua madirisha. Niliitwa sebuleni kwa Dolfe kama shahidi, wakanipa kiti cha ngozi. Mzungu alikuja na msichana wa mjini wa kumtafsiria, mwenye adabu sana.

"Papa, haya maandishi ni ya mkono yako?"

"Ni ya mukono yangu."

"Na huyu Kabange, maneno na sauti, ni nani?"

Dolfe alikuwa anakoroga chai. Hakuniangalia. Alikoroga tu, na mimi nikasikia kijiko kile kikigonga kikombe, nikafikiri kodi ya nyumba, nikafikiri binti yangu wa mwisho.

"Kabange ni Kabange," nikasema.

Msichana akatabasamu, akaandika. Dolfe akamweleza kwamba sauti maana yake ni kazi ya mashini, kugeuza vifungo, na hiyo ilikuwa kazi yake. Nayo maneno alitunga yeye. Msichana akauliza, na yule mama anayeimba? "Bamama ba kupita," Dolfe akasema. "Balikuwa bengi. Nani atakumbuka majina?" Nikaweka sahihi kwenye karatasi ya Kifaransa ambayo sikuisoma. Neno nililosema halikuwa uongo, mwanangu, liangalie vizuri. Lilikuwa baya kuliko uongo, kwa sababu uongo unaweza kukamatwa.

Fadhila ya punda ni mateke. Mwezi wa pili baada ya ile sahihi Dolfe alinifukuza, akaweka mpwa wake. Diski ikatoka, nzuri, nzito, na picha ya Dolfe mbele amevaa kofia aliyoinunua mwaka jana. Leo ukipita Kamalondo vijana wanaicheza kwenye simu zao. Wananiambia, Papa, sikia muziki wa kwetu wa zamani, Kabange huyu alikuwa mkali. Wanamsifu Kabange, na ni Kabanga anayeimba masikioni mwao. Ninanunua chumvi yangu narudi nyumbani.

Halafu simu ikalia. Mwanamke, sauti ile ile, nusura niiangushe.

"Papa Fosta? Mi ni Ntumba, mutoto ya Kabanga. Niko Mwene-Ditu, ku Kasai. Namba yako nalipewa na bantu ba Kamalondo."

Akanieleza kwamba mama yake alifika hai, akauza mihogo sokoni, hakuimba tena ila akifua nguo, na mtu akikaribia ananyamaza. Watoto wake walijua aliimba zamani, hawakujua nini. Amekwisha kufa. Baada ya kilio kwisha, Ntumba alipita sokoni akasikia simu ya kijana wa pikipiki ikiimba kwa sauti ya mama yake. Alikaa chini katikati ya mihogo. Alipowaandikia wale waliotoa diski walimjibu vizuri tu: sanduku linasema Kabange, lete shahidi.

"Papa," akaniuliza, "ile letre ni nani aliiandika?"

Nikamwambia. Yote, na bunga pia.

"Mi sikutafuta kitu ingine," akasema. "Nataka paandikwe jina yake. Usinililie. Sema kwa bantu."

Nimesema kwa watu. Na Dolfe amejibu, maneno yake yamenifikia: "Fosta? Yule santinele? Muntu mwenye aliacha shule mwaka wa tatu, atajulia wapi tofauti ya A na E?" Watu walicheka, nasikia. Hata mimi ningecheka. Kwa hiyo nimeandika hii, polepole, kwa mkono ule ule, nawe uisome uone kama najua.

Mwanangu, majuto ni mjukuu, na wangu amenikalia magotini wala hashuki. Shika haya. Siku mji wako utakapoanza kuuliza watu majina, usitafute ujanja wa kulainisha jina la mwenzako. Simama karibu naye na jina lake likiwa zima, na kama huna moyo huo, basi usimguse. Ukimfanyia mtu wema asioutaka, umejifanyia wewe. Ukikosa, rudi kesho yake, usingoje kiangazi. Na ukiulizwa swali na mtu mwenye adabu mbele ya anayekulisha, jibu kabla chai haijapoa, maana ukimeza lile neno mara moja, litakutafuna toka ndani mpaka uzee. Unaporekodi, wewe kijana wa leo mwenye studio ndani ya simu, andika jina la kila aliyefungua mdomo, hata aliyeitikia tu.

Mungu akupe rafiki wa kukusahihisha ungali na wino. Akupe mkono mwepesi wa kurudisha na ulimi mzito wa kusingizia. Wazazi wako wakupe jina, na watu wa mji wako wakuachie hilo jina mpaka kaburini. Amina.

Nawe Dolfe Kabange. U hai, u mzima, wengi wanakuona Golf. Mimi nimekwisha kujibu langu, sasa jibu lako. Katika wimbo wa mwisho wa bobini ya mwisho, kuna ubeti ambao hauchezwi sana kwenye simu za vijana. Ngoma inashuka, na yule unayemwita mama wa kupita anamsalimu pacha wake aliyemtangulia kuzaliwa, akafa mchanga, anamwita kwa jina, anamwita dada, anamwita Mbuyi. Ndivyo Kasai wanavyomwita pacha wa kwanza. Kwetu sisi wa Katanga pacha wa kwanza ni Kyungu, na Kyungu wako ninamjua, ni mwanaume, anatengeneza pikipiki Katuba, tulisalimiana juzi. Kama maneno yale ni yako, usinijibu mimi santinele. Mpigie Ntumba, mchana, mbele ya watu, umweleze: huyo dada yako Mbuyi ni nani?